Tumjue mbu wa Moshi: mdomo wake, ndoa yake ya machweo, na kwa nini anakimbilia miguu yako

Mkamata Mbu:

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimepanda daladala ya Pasua, mbele yangu wamekaa akina mama wawili wanazungumza habari za mbu. Mmoja analalamika kwamba tangu mtaro wa nyuma ya nyumba yao uzibe hawalali usiku, ni kelele tupu masikioni. Halafu akaongeza jambo lililomshangaza mwenyewe: pamoja na mbu wote hao, wanawe hawajaugua malaria mwaka mzima. Mwenzake akamjibu, "Ni Mungu tu, mama." Nilitaka kuchangia, kituo changu kikafika nikashuka. Hadi leo nasikitika, maana jibu nilikuwa nalo.

Nimefanya kazi ya kukamata mbu kwa miaka sita, kwenye miradi ya utafiti katika vijiji vya mpunga huku chini ya mji: Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati. Mimi si daktari. Kazi yangu ilikuwa kuamka saa kumi alfajiri, kupiga hodi nyumba za watu giza halijatoka, kuingia na tochi na asipireta (ule mrija wa kunyonya mbu kwa pumzi, ndani una kipande cha chandarua ili usije ukammeza), kuwahesabu, kuwatenganisha aina kwa aina na kuwapeleka maabara. Ukikaa na mdudu miaka sita unamjua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake. Naomba niwamegee ninachokijua. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande, maswali ruksa.

Nianze na yule mama wa mtaro.

Tunasema "mbu" kana kwamba ni mmoja. Duniani kuna aina zaidi ya 3,500, na huku kwetu makundi matatu ndiyo yanayotuhusu. Kuna Culex, mbu wa maji machafu: mtaro ulioziba, shimo la choo, karo lililopasuka. Huyu ndiye mwimbaji mkuu wa mitaa ya mjini. Malaria ya binadamu haiwezi, kimelea kinafia ndani ya mwili wake, ingawa kule Tanga na Pwani ana ubaya mwingine, anaeneza matende na mabusha. Kuna Aedes, mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, anauma mchana, anazaliana kwenye tairi, ndoo na makopo yenye maji ya mvua. Huyo ndiye wa dengue, ile iliyowatesa watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Halafu kuna Anopheles. Hakuna mbu mwingine anayempa binadamu malaria isipokuwa huyu, tena jike peke yake.

Sasa Anopheles wetu hana haja na mtaro wa Pasua. Anataka maji yasiyo na uchafu mwingi, yanayopigwa na jua: jaruba la mpunga uliopandikizwa juzi, shimo la kufyatulia matofali, hata alama ya kwato ya ng'ombe iliyojaa maji. Yule mama alikuwa na Culex kibao na Anopheles wachache. Ndiyo maana kelele zilikuwa nyingi na homa hakuna. Upande wa pili, nimeingia nyumba za Chekereni ambako wenyeji wananiambia "hapa hatuna mbu, tunalala vizuri tu", nikamulika nyuma ya kabati nikakuta Anopheles kumi na nne ukutani, wametulia, wameshiba.

Namna ya kumtambua haihitaji darubini. Tazama anavyotua. Culex anatua mwili umelala sambamba na ukuta, kama kibiongo. Anopheles anasimama mshazari, kichwa kimeelekea ukutani na mkia uko juu, kama mtu aliyeinama kunywa maji mtoni kwa mdomo. Mabawa yake yana mabaka, meusi na meupe yamepokezana. Ukishamwona mara moja humsahau. Hata watoto wao wanatofautiana: kiluwiluwi wa Culex ananing'inia kichwa chini, mkiani ana mrija wa kupumulia uliogusa uso wa maji. Wa Anopheles hana mrija, kwa hiyo analala bapa juu ya maji kama kijiti kinachoelea.

Naendelea baadaye kidogo, nikale.

Binti wa Majengo:

Naweka kambi hapa. Mkuu naomba kuuliza: kwa hiyo dume haumi kabisa? Na kama hanywi damu, anaishi kwa kula nini?

Mkamata Mbu:

Dada, dume haumi, hana hata vifaa vya kutobolea ngozi. Kumjua ni rahisi: kamata mbu umwangalie kwenye mwanga wa dirisha. Mwenye vipapasio vilivyojaa manyoya, kama ile brashi ya kuoshea chupa ya mtoto, ni dume. Jike vyake vina vinyweleo vichache tu.

Chakula cha dume ni sukari: maji matamu ya maua, utomvu wa majani, juisi ya tunda lililopasuka. Ua la mbarika analipenda. Na hapa wengi hushtuka: jike naye chakula chake cha kila siku ni hicho hicho. Sukari ndiyo inayomrusha. Damu ni kwa ajili ya mayai. Bila protini ya damu mayai hayaivi, ndiyo maana anakutafuta. Hata ndani ya mwili wake vitu hivi havikai pamoja. Maji ya sukari yanakwenda kwenye kifuko cha akiba na kutolewa kidogo kidogo, damu inapita moja kwa moja hadi tumboni ikasagwe.

Huu mdomo nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu nimeutazama sana na kila mara nastaajabu.

Maabarani tulikuwa na mbu wa kufugwa, kizazi hadi kizazi, wasio na kimelea chochote. Siku moja mtaalamu wetu aliniambia niweke mkono kwenye kikombe kilichofunikwa chandarua, nikae na lenzi nitazame. Jike mmoja akatua. Kwanza akapapasa, akanyanyua mdomo, akagusa tena pembeni. Kile tunachokiita mdomo, kile kinachoonekana kwa macho, ni ala tu, kama ala ya panga. Hakiingii kwenye ngozi kabisa. Alipopata pake, ile ala ikaanza kukunjika kwa nyuma kama goti, na katikati yake nikaona kitu chembamba kuliko unywele kinazama mkononi mwangu. Sikuhisi kitu.

Kile chembamba ni sindano sita zilizoshikamana. Mbili zina meno nchani, ni misumeno, zinapokezana kukata nyama huku na huku. Mbili zinasaidia kutoboa na kutanua njia. Moja ni mrija wa mate. Moja ni mrija wa kuvutia damu, na huu unapinda ndani ya nyama ukitafuta mshipa mdogo. Asipoupata anarudi nyuma kidogo, anapinda upande mwingine, anajaribu tena, bila kuchomoa. Wakati wote huo mate yanaingia. Mate hayo yanazuia damu isigande na kutanua mishipa. Mwasho na uvimbe unaoupata ni mwili wako kuyakataa mate hayo. Kuumwa kwenyewe kumeshapita zamani, na mwenyewe kaondoka.

Tumbo lake likaanza kujaa, nikaliona linabadilika kutoka kijivu hadi jekundu kama punje ya komamanga. Kisha mkiani likatoka tone, angavu lenye wekundu kidogo, likadondoka, likaja jingine. Nikadhani amepasuka. Mtaalamu akanieleza kwamba Anopheles anapokunywa huku anamwaga maji ya damu nyuma, ili abaki na chembe nyekundu zenye lishe. Anachuja mezani. Akamaliza kwa dakika kama tatu, amebeba damu yenye uzito unaokaribia uzito wake mwenyewe, akaruka kwa shida hadi ukuta wa karibu. Ndiyo maana ndani ya nyumba tunawakuta ukutani alfajiri: wamezidiwa mzigo, wanapumzika wakisaga. Na ndiyo sababu dawa ya kupulizwa kwenye kuta inafanya kazi.

Njoro Kwetu:

Mkuu hapo kwenye sindano sita umenimaliza. Sasa swali ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: kama anachoma huyu halafu anachoma yule, UKIMWI hauwezi kupita?

Mkamata Mbu:

Hauwezi, na swali lako halina aibu, niliulizwa karibu kila kijiji. Rudi kwenye mdomo. Mrija wa mate na mrija wa damu ni miwili tofauti. Kinachoingia kwako ni mate. Damu aliyokunywa kwa jirani yako imeshakwenda tumboni, na mbu haitapiki akifika kwako. Huko tumboni virusi vya UKIMWI vinasagwa pamoja na damu, havizaliani ndani ya mbu, havifiki kwenye tezi za mate.

Kimelea cha malaria ndicho kilichoijua njia. Kikiingia tumboni, dume na jike wa vimelea wanaungana humo humo, wanatoboa ukuta wa tumbo, wanatengeneza vijifuko kwa nje yake, vijifuko vinapasuka na kutoa vimelea maelfu vinavyosafiri hadi kwenye tezi za mate. Hapo sasa, kila akitema mate kwenye ngozi ya mtu, anavitema. Ronald Ross aliviona vijifuko hivyo kwenye tumbo la mbu kule India tarehe 20 Agosti 1897, baada ya kupasua mbu wengi mno kwa darubini kwenye joto kali, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Ukishajaribu mwenyewe kupasua mbu kwa sindano mbili chini ya lenzi, unamheshimu.

Sakina Arusha:

Wakuu mimi niko Arusha. Huku baridi, mbu wapo, lakini mtu akikutwa na malaria wanamuuliza kwanza alisafiri wapi. Hiyo imekaaje? Mbu wa Arusha hawana mdomo?

Mkamata Mbu:

Mdomo wanao mkuu, wanachokosa ni muda.

Safari ile ya kimelea kutoka tumboni hadi kwenye mate inategemea joto. Kwenye nyuzi 25 huchukua kama siku 12. Ikishuka hadi 20 inapita wiki tatu. Chini ya 16 inasimama kabisa. Arusha mjini iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini zaidi, na Chekereni chini zaidi ya hapo. Wakati huohuo mbu anakufa kila siku: buibui, mjusi, upepo, kofi lako. Jike wengi hawafikishi hata wiki mbili. Kwa hiyo kwenye baridi mbu anazeeka na kufa kimelea kikiwa bado njiani.

Hili ndilo ninalotamani kila mtu alijue: mbu wa hatari ni bibi kizee. Jike kijana anayeuma kwa mara ya kwanza maishani hana cha kukupa. Anayekupa malaria ameshakula damu, akataga, akarudi kula tena, akataga tena.

Na umri wake unasomeka. Ukimpasua jike na kutoa mfuko wake wa mayai, ukauweka kwenye kioo ukakauka, unaona vimirija vya hewa. Kwa ambaye hajawahi kutaga, vimirija hivyo vimejiviringa nchani kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Akishataga mara moja, mfuko umetanuka, vimirija vimenyooka, na havijiviringi tena maisha yake yote. Nimekaa asubuhi nzima nikisoma vimirija hivyo, huyu mwali, huyu mzazi, huyu mzazi. Ukikuta kijiji kimejaa wazazi unajua hapo kuna kazi.

Ila ndugu yangu wa Sakina, usilale kwa kujiamini. Mkoa wenu una mabonde ya joto. Mto wa Mbu haikupewa jina hilo bure. Ukitoka huko ukapata homa, kapime.

Mpunga Chekereni:

Mkuu mimi ni mkulima huku. Naona kama unatunyooshea kidole sisi wa majaruba. Tuache kulima?

Mkamata Mbu:

Hapana kaka, tena nashukuru umeuliza, ningesahau.

Ni kweli mpunga unazalisha Anopheles, hasa wiki za mwanzo baada ya kupandikiza, maji yako wazi na jua linayapiga. Mpunga ukishafunika maji wanapungua. Mbu wa huko kwenu anaitwa Anopheles arabiensis. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya chini ulipojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, watu waliogopa malaria italipuka. Watafiti wakaja kupima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu hao wengi mara kadhaa kuliko kijiji cha nyika kinacholima mahindi ya mvua, lakini hatari ya kuambukizwa ilikuwa ndogo zaidi kwenye mpunga.

Kwa nini? Mpunga unaleta hela, hela inaleta chandarua, dirisha lenye wavu, nauli ya kwenda kituo cha afya. Na kuna ng'ombe. Huyu arabiensis si mchaguzi kama binamu zake, ukimwekea ng'ombe karibu anakunywa kwa ng'ombe, na malaria yetu haiishi kwa ng'ombe. Tafiti za huko kwenu zilipopima damu iliyokuwa matumboni mwa mbu zilikuta ya ng'ombe kwa wingi. Mimi mwenyewe nimewanyonya kwa asipireta kwenye kuta za mazizi mpaka kikombe kinajaa. Lima kaka. Ila yale mashimo ya matofali yaliyoachwa wazi pembeni ya njia, hayo yafukieni, hayamlishi mtu.

Binti wa Majengo:

Na ile "damu tamu" je? Kwetu tunalala wawili, dada yangu haumwi, mimi naamka nina vipele mwili mzima.

Mkamata Mbu:

Damu haionji kabla ya kufika, dada. Anachofuata kwa mbali ni pumzi yako, ile hewa ya kaboni unayotoa, anainusa kwa vijiti viwili vilivyo pembeni ya mdomo. Akikaribia anafuata harufu ya ngozi, jasho na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, na kila mtu ana harufu yake. Akifika kabisa anafuata joto. Utafiti uliofanywa Gambia uliona wajawazito wanavutia mbu wa malaria takriban mara mbili ya wasio wajawazito: wanapumua zaidi na tumbo lina joto zaidi. Mwambie kila mjamzito unayemjua. Chandarua kile wanachopewa kliniki hakitakiwi kukaa kwenye kabati kikisubiri mtoto.

Inawezekana pia dada yako anaumwa kama wewe, ila mwili wake hauvimbi.

Na mkiwa mmekaa nje jioni, angalieni miguu. Arabiensis anaporuka nje anaruka chini karibu na ardhi, wengi wanauma vifundo na nyayo. Nimekaa sana na wazee kwenye mbege, koti zito juu, kofia, na chini kandambili. Soksi na suruali ndefu vina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Njoro Kwetu:

Kwenye kichwa cha uzi umeandika ndoa ya machweo. Tunasubiri hiyo.

Mkamata Mbu:

Nilikuwa naiweka akiba kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko yote.

Nenda huko majaruba siku isiyo na upepo, ufike saa kumi na mbili na nusu jioni. Tafuta mahali palipo tofauti na pembeni yake: kipara cha udongo katikati ya nyasi, rundo la takataka, lundo la samadi. Simama upande wa mashariki, uangalie magharibi, anga likiwa bado na rangi. Jua likishazama, unaona vidoa kama vumbi vinapanda na kushuka juu ya kile kipara, usawa wa kichwa cha mtu au juu kidogo. Vinaongezeka. Kumi, hamsini, mamia. Vinacheza mahali pamoja, haviondoki. Hao wote ni madume.

Dume hakuzaliwa tayari kwa shughuli hii. Anapotoka kwenye pupa (ile hatua kati ya kiluwiluwi na mbu kamili), viungo vyake vya uzazi vimekaa juu chini, na inabidi vizunguke nusu duara mpaka vikae sawa. Hiyo inachukua karibu siku nzima. Na yale manyoya ya vipapasio niliyosema, kwa Anopheles mchana yamelala. Jioni yanasimama yenyewe, kama masikio ya mbwa aliyesikia hatua. Kwa kweli ni masikio. Kwenye shina la kila kipapasio kuna kiungo cha kusikia chenye chembe za hisia kama 15,000, ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya chumvi.

Anachosikiliza ni mabawa ya jike. Jike hupiga mabawa mamia ya mara kwa sekunde, dume hupiga haraka zaidi, kwa hiyo milio yao haifanani. Kwa mbu wa dengue watafiti waligundua mwaka 2009 kwamba dume na jike wakikaribiana kila mmoja anarekebisha mabawa yake mpaka sauti zao za juu zinakutana mahali pamoja, mara 1,200 kwa sekunde. Wanaimba pamoja kabla ya kushikana.

Jike anaingia kwenye wingu mara moja. Ukiwa makini unaona nukta mbili zimegandana, zinashuka zikiyumba kutoka kwenye kundi, halafu zinaachana. Sekunde chache tu, hazifiki hata ishirini, tena hewani. Dume wa jamii ya gambiae, ambamo arabiensis yumo, anamwachia kizibo ndani, na jike kwa kawaida harudi tena kwa dume mwingine maisha yake yote. Mbegu za siku ile moja anazihifadhi kwenye kifuko kidogo cha mviringo, na kila akishiba damu anazitumia kidogo kurutubisha mayai, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ndiyo maana kuna wanasayansi wanaofikiria kuwaachia madume tasa: jike akipata mmoja wao, amekwisha.

Baada ya nusu saa giza linafunga na wingu linapotea. Mara ya kwanza niliyaona hayo nilikuwa na kijana mmoja mwenyeji, anachunga hapo tangu utotoni. Akaniambia amekuwa akiyaona maisha yake yote na kudhani ni vijidudu vya kinyesi. Kule Kilombero watafiti wa Ifakara waliwafundisha wanakijiji wenyewe kuyatafuta makundi haya, na wakayapata, mahali palepale jioni baada ya jioni.

Fundi wa Kiborloni:

Uzi umetulia. Mimi nina programu kwenye simu inatoa mlio wa kufukuza mbu, inafanya kazi?

Mkamata Mbu:

Haifanyi, fundi. Imepimwa mara nyingi, jike anakuja vilevile. Hela ya bando weka kwenye wavu wa dirisha, na ukiweza ziba mwanya kati ya ukuta na paa. Anopheles anapanda na ukuta kwa nje mpaka juu, anaingilia hapo.

Kahe Stesheni:

Mkuu nimesoma uzi wako jana usiku nikaamka saa kumi na moja na tochi. Kwenye chumba cha wageni, ukutani nyuma ya mlango, nimemkuta mmoja mkia juu kabisa kama ulivyosema. Sijawahi kumwona maisha yangu yote na nimezaliwa hapa.

Mkamata Mbu:

Hongera mkuu. Tumbo lake lilikuwa rangi gani? Jekundu lote, au kuna weusi na weupe?

Kahe Stesheni:

Jeusi kidogo upande wa mbele, nyuma jeupe, limetuna.

Mkamata Mbu:

Huyo ana mimba iliyokomaa. Weupe ni mayai, ule weusi ni mabaki ya damu. Hakula jana, alikula usiku wa juzi, kwa joto la Kahe inachukua kama siku mbili. Alikuwa anangoja giza aende majini. Mna ng'ombe hapo nyumbani?

Kahe Stesheni:

Hatuna, na wa jirani wako mbali.

Mkamata Mbu:

Usiku wa juzi chumba hicho alilala nani?

Kahe Stesheni:

Mdogo wangu, amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Tulimtandikia godoro tu, chandarua cha ziada hakikuwepo. Natoka sasa hivi nashuka sokoni kukitafuta.